Maswali ya Wasomaji: Kupanda Mlambalasi

SWALI: Kamwene wahariri. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mafinga. Mwezi wa nane nawapeleka wanafunzi 40 wa kidato cha pili Mlambalasi, kilima cha huku Iringa, kwenye kaburi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na lile pango la kale la juu. Wenzangu wanasema kilima ni kidogo, hakuna cha kujiandaa. Nijiandae vipi?

JIBU: Kamwene, Mwalimu. Kilima ni kidogo kweli, ila kinachowaangusha watu pale ni joto. Mafinga mnaishi karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Mlambalasi ni karibu mita 1,000. Kwa tofauti hiyo joto huongezeka nyuzi 5 au 6 hivi. Mwanafunzi anaondoka nyumbani na sweta na kofia ya sufu kwa sababu ya baridi ya Agosti, na saa 6 mchana yuko juani kwenye mwamba mtupu. Wavae nguo za kuvua tabaka moja moja, na kila mmoja awe na kofia yenye ukingo.

Maji: lita 2 kwa kila mtoto. Kwa watoto 40 ni lita 80, yaani madumu manne ya lita 20, na dumu la tano kwa walimu na dharura. Msitegemee kupata maji njiani. Kila mtoto awe na chupa yake, na madumu yabaki garini kwa kujazia. Wanywe kidogo kidogo kila nusu saa, wasingoje kiu. Chakula kiwe cha kushika mkononi: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, karanga.

Kutoka Mafinga hadi Iringa mjini ni kama kilomita 80, kisha kama 50 tena kwa njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Ondokeni saa 11 alfajiri. Mkitaka iwe safari ya miguu hasa, shukeni garini kilomita 4 kabla ya kaburi. Kundi la watoto hutembea kilomita 3 kwa saa, si 5 kama mtu mzima aliye peke yake, kwa hiyo wekeni saa moja na nusu pamoja na mapumziko. Mwalimu mmoja atangulie, mwingine awe wa mwisho kabisa, na mwendo uwe wa yule anayechoka haraka. Kabla ya yote, toeni taarifa kwa serikali ya kijiji na mchukue mwenyeji wa kuwaongoza.

Viatu viwe raba zenye soli yenye meno. Yeboyebo huteleza kwenye matale (mwamba wa granaiti) hata pakiwa pakavu, kwa sababu mwamba unachubuka chembechembe ndogo ambazo hugeuka kama gololi chini ya soli laini. Ajali nyingi hutokea wakati wa kushuka, si kupanda. Wafundisheni kushuka ubavu-ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na marufuku kukimbia.

Agosti upupu umekauka. Yale maganda ya rangi ya kahawia yenye manyoya mafupi kama mahameli yakiguswa, manyoya huruka na kuwasha mwili mzima. Aliyepata asijikune, maana kukuna ndiko kunakoyasukuma ndani na kuyasambaza. Bandika selotepu juu ya ngozi na kuivuta, rudia mara kadhaa, ndipo umwoshe kwa maji na sabuni.

Nyuki nao hupenda nyufa za miamba. Hakuna kurusha mawe, kupiga kelele wala kuwasha moto. Wakichafuka, watoto wakimbie moja kwa moja hadi garini wakifunika uso, wasisimame kuwapunga.

Kisha jambo tunalokusihi zaidi ya yote: pangoni ingizeni wanafunzi 8 kwa zamu, wengine wabaki chini kaburini na mwalimu. Sakafu ya pango ni udongo laini wenye vumbi na majivu, na ndani yake watafiti waliochimba mwaka 2006 na 2010 walikuta mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, pamoja na shanga za ganda la yai la mbuni. Miguu 80 kwa mkupuo inavuruga tabaka ambazo hazitengenezeki tena.

SWALI: Kila tukibishana kijiweni, mmoja anasema Mkwawa kazikwa Kalenga, mwingine Mlambalasi. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Iringa mjini)

JIBU: Kaka, mwili uko Mlambalasi. Mtwa (yaani mtemi) Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 akiwa amezingirwa, baada ya Wajerumani kutangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayempata. Wakamkata kichwa, wakakipeleka Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu katika miezi 6. Likarudi 1954, gavana Mwingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alipomkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, na tangu hapo liko kwenye makumbusho ya Kalenga. Ukiwa na siku moja, anza na Kalenga, kama kilomita 15 tu kutoka mjini, ndipo uendelee Mlambalasi. Ukitangulia na fuvu, kaburi utalitazama kwa macho mengine.

SWALI: Mwanangu alirudi toka huko na vijiwe vyeupe vyenye makali kama wembe. Tunavirudishaje? (Mama, Makambako)

JIBU: Umefanya vyema kuuliza, mama. Huenda ni vipande vya kwatzi, jiwe gumu jeupe, vilivyopasuliwa na watu wa kale. Kitazame kimoja juani: upande mmoja mnene wenye alama ya pigo, upande wa pili mwembamba unaopitisha mwanga. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 haviokotwi wala kuuzwa bila kibali. Usivioshe, na usivirudishe mwenyewe pangoni: kikitupwa mahali pasipo pake kitamdanganya mtafiti kuhusu umri wa tabaka hilo. Funga kila kimoja kwenye karatasi, andika mtoto alikiokota wapi na lini, kisha uvipeleke kwa wahusika wa makumbusho ya Kalenga.

SWALI: Naweza kupanda Januari? (Kijana, Mbeya)

JIBU: Ngoja Juni. Januari mvua inanyesha, ukoga kwenye mwamba unateleza kama sabuni, na majani marefu yanamficha kifutu, nyoka ambaye hakimbii akisikia hatua. Ukilazimika kwenda, vaa buti na gonga njia kwa fimbo. Aliyeumwa asitembee, asikatwe chale wala kufungwa kamba: abebwe hadi garini, kiungo kilichoumwa kikiwa kimetulizwa kwa kipande cha mti, na moja kwa moja hospitali.