Gedalia Hakuwa wa Nyumba ya Daudi

SWALI: Ndugu Mhariri, katika 2 Wafalme 25 tunasoma kwamba baada ya Yerusalemu kuanguka, mfalme wa Babeli alimweka Gedalia, mwana wa Ahikamu, mwana wa Shafani, awatawale watu waliosalia Yuda. Je, alikuwa wa ukoo wa kifalme? Kama sivyo, aliteuliwaje, na kwa nini aliuawa? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Gedalia alitoka katika ukoo wa waandishi wa jumba la mfalme, na ili kumwelewa ni lazima tuanze na babu yake.

Katika mwaka wa 18 wa utawala wa Yosia, mfalme wa Yuda, yapata 622 KK, mfalme alimtuma mwandishi Shafani hekaluni kwa ajili ya fedha za matengenezo, na huko kuhani mkuu Hilkia akamkabidhi kitabu cha torati kilichokuwa kimeonekana. Aliporudi, Shafani alitoa kwanza hesabu ya fedha walizopewa wasimamizi wa kazi, ndipo akasema kwamba Hilkia amempa kitabu, akakisoma mbele ya mfalme. Yosia akararua mavazi yake. Kati ya wajumbe watano aliowatuma kwa nabii Hulda walikuwamo Shafani mwenyewe na Ahikamu.

Chini ya Yehoyakimu, mwana wa Yosia, mambo yaligeuka. Mfalme huyu aliagiza nabii Uria arudishwe kutoka Misri, akamwua kwa upanga, na Yeremia naye angalikufa kama asingalilindwa na Ahikamu (Yeremia 26:24). Baadaye Baruku, mwandishi wa Yeremia, aliwasomea watu maneno ya Yeremia katika chumba cha Gemaria, mwana mwingine wa Shafani, naye Mikaya, mwana wa Gemaria, akashuka kuwapa wakuu habari. Ulikuwa mwezi wa tisa, wakati wa baridi, na makaa yaliwaka mbele ya mfalme gombo la maneno hayo liliposomwa kwake. Kila ziliposomwa safu tatu au nne, alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni. Gemaria alikuwa mmoja wa watatu waliomsihi asilichome gombo lile, lakini hakuwasikiliza. Kwangu mimi, hapa ndipo heshima ya ukoo huu inapoonekana zaidi, kwa kuwa neno la Mungu ambalo baba alimsomea Yosia, mwana alilitetea mbele ya mwana wa Yosia, akijua wazi hasira ya mfalme huyo.

Mwaka 1982, wachimbaji katika Mji wa Daudi, Yerusalemu, walipata donge la udongo lenye alama ya muhuri wa Gemaria mwana wa Shafani.

Mwana mwingine wa Shafani, Elasa, alipeleka Babeli barua ya Yeremia iliyowataka Wayahudi waliohamishiwa huko wajenge nyumba na kuutakia amani mji ule. Ukoo uliosimama na nabii aliyehimiza kujitiisha chini ya Babeli ulikuwa na kila sababu ya kuaminiwa na Wababeli, na ndiyo maana sishangai kwamba Gedalia aliwekwa katika mji wa Mispa, akawaambia watu wakusanye divai, matunda na mafuta.

Lakini Ishmaeli mwana wa Nethania, aliyekuwa wa uzao wa kifalme, alitumwa na Baalisi, mfalme wa Waamoni, amwue. Yohanani mwana wa Karea alimwonya Gedalia, naye akakataa kuamini. Katika mwezi wa saba Ishmaeli alifika na watu kumi, wakala chakula pamoja naye mezani, kisha wakainuka na kumwua. Kwa hofu ya Wakaldayo, yaani Wababeli, waliosalia wakakimbilia Misri, na Wayahudi wangali wanafunga kila mwaka kwa kumbukumbu ya kifo chake.