Ngome ya adui acha ilipuke

Msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, gemu yangu ya kunyatia inakaribia kukamilika, ila mwenzangu anasema ngome kulipuka mwishoni kumeshachakaa. Niondoe?"

Usiondoe. Na mwenzako mwambie nimesema mimi.

Nina sababu ya kuwa mkali. Niliwahi kuingiza gemu yangu kwenye shindano, jaji mmoja akaandika "mwisho wa kivivu" na kunikata alama. Maneno mawili tu, na hadi leo yananichoma. Baadaye nikaitoa hadharani, na kipande ambacho wachezaji hunitumia video zake mara kwa mara ni hichohicho cha kivivu: ving'ora, taa nyekundu, na mlinzi waliyemkwepa gemu nzima akikimbia bega kwa bega nao, bunduki keshaitupa, wote wanautafuta mlango mmoja. Jaji sijamtumia hizo video. Bado.

Sasa sikiliza. Anayecheza gemu ya kunyatia anabana pumzi toka mwanzo. Anachuchumaa nyuma ya boksi, anahesabu hatua za mlinzi, anasubiri kamera igeukie ukutani. Ukimmalizia hapohapo kwa bosi kuanguka na majina kupita, anainuka kitini mabega yamemkaza. King'ora ndicho kinachomfungulia. Kelele si kosa tena, kuonekana si kosa tena, na ile korido aliyoitambaa kwa tumbo sasa anaikata mbio katikati. Tena ni korido aliyokwisha kuijua, kwa hiyo wewe unayetengeneza peke yako unapata leveli nzima bila kuchora ukuta mpya. Watu huuita uvivu, mimi nauita akili.

Lakini lazima kuwe na mkono uliobonyeza kitufe. Hapa wengi ndipo wanapoanguka, na hapa ndipo Hideo Kojima, Mjapani aliyebuni gemu za kunyatia za Metal Gear, anapofaa kusomwa kwa makini. Metal Gear ya 1987, kwenye kompyuta za MSX2, inakutaka utege mabomu 16 kwenye miguu ya Metal Gear yenyewe, lile dude la vita linalotembea, kwa mpangilio maalumu, kulia na kushoto. Likishaharibika, Outer Heaven, ngome ya adui, inaanza kuhesabu sekunde kabla ya kulipuka, na anayekungoja njiani ni Big Boss, kamanda yuleyule aliyekuwa akikupa amri redioni, kumbe ndiye mwenye ngome. Mwenye ngome anaizika siri yake, na wewe ndani yake.

Metal Gear Solid ya 1998 ikageuza kibao. Tishio la kuiteketeza Shadow Moses, kisiwa chenye ngome ya adui, kwa mabomu linatoka kwa wakubwa wa serikali iliyokutuma, wanaotaka ushahidi upotee, huku wewe ukitoroka kwa jeep ndani ya handaki. Metal Gear Solid ya tatu, 2004, mlipuko ni kazi ya mikono yako: unatega baruti ya C3 kwenye matangi ya mafuta, kisha unaishi na matokeo yake. Mikono mitatu tofauti, na kila mmoja unampa mchezaji sababu yake ya kukimbia.

Kwa hiyo ndugu yangu, jiulize ni mkono wa nani. Ukishajiuliza, jiulize tena. Kuhusu muda, kimbia mwenyewe njia yote, kisha mwongezee mchezaji nafasi, kwa sababu wewe ramani umeikariri na yeye hajaikariri. Mwache afike mlangoni moyo ukimdunda, lakini afike. Mtengenezaji anayefurahia mchezaji kufia mlangoni mara kumi hajui kazi yake, na wapo wengi, na baadhi yao ni majaji.

Sasa gemu yako. Kwa ulivyonieleza, jenerali anakufa, halafu jengo linalipuka lenyewe tu. Hapo mwenzako ana nusu ya hoja, japo amekosea dawa. Yule fundi wa mitambo uliyemweka leveli ya pili, anayelalamika kuwa hajalipwa kisha haonekani tena, mrudishe. Mpe funguo za chumba cha mitambo.