Pendwa na nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandaa chemshabongo ya redio kuhusu vyakula vya marais wa Marekani. Niliandika: "Chakula pendwa cha Rais Ronald Reagan kilikuwa kipi?" Mhariri wangu akakata "pendwa" na kuandika "chakula kipendwacho cha Rais Reagan". Nani kati yetu yuko sahihi? Halafu zile peremende zake ndogo zenye umbo la haragwe tuziiteje? Na brokoli, ile mboga ya kijani, iko ngeli gani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Wewe umekosea na mhariri wako amekosea, ila makosa yenu hayalingani. Yeye alishika njia nzuri akaingia nyumba ya jirani: alitakiwa kuandika "kipendwacho na", akaandika "kipendwacho cha". Mnyime chai siku moja, yaishe. Lako ndilo lililonikosesha usingizi, wala sikulaumu wewe. Ninalilaumu neno lenyewe, "pendwa", ambalo mimi nalo hatujawahi kusalimiana.

Siku hizi hufungui redio bila kukaribishwa na mtangazaji wako pendwa, katika kipindi chako pendwa, akupigie wimbo pendwa wa wiki. Juzi nimeingia mgahawani na njaa yangu, nikakuta ubaoni kwa chaki: "Supu pendwa ipo." Nikanywa chai kavu, nikaondoka.

Asili ya neno haina mjadala. Mzizi -pend- ni wa Kibantu, una umri kuliko sisi sote. Ukiutia -w- unapata kupendwa. Basi, hapo ndipo mizizi inapoishia na matatizo yanapoanzia.

Kitenzi chetu kikitoka nje shina tupu, bila kiambishi mbele, huwa kina kazi moja: kinaamuru. Soma. Kaa. Ondoka. Kwa hiyo ukiniandikia "chakula pendwa", mimi nasoma "Ewe chakula, pendwa!", kama sajini wa gwaride anayeifokea sahani. Utanijibu kwamba tunasema chakula safi, chakula ghali, chakula rahisi, na maneno hayo hayana kiambishi chochote. Kweli, lakini hayo yalikuja na majahazi kutoka Uarabuni, na mgeni akiingia na viatu tunamvumilia. "Pendwa" ni mtoto wa nyumba hii. Nduguze wote wanavaa wakitoka: mpendwa, kipenzi, mapenzi, upendo, anayependwa. Yeye peke yake ndiye anayekatiza sebuleni uchi mbele ya wageni. Kama hiyo ni ruhusa, basi na tule mkate okwa, tunywe maji chemshwa, tukalale katika nyumba jengwa.

Lakini hayo ni ya sarufi, na sarufi haijawahi kumzuia mtangazaji. Ubaya hasa uko kwenye maana, na hapo marais wako wa Marekani wamenifaa kuliko mfano wowote niliowahi kuutumia. Chukua sahani ya Richard Nixon.

Tarehe 8 Agosti 1974, siku aliyolitangazia taifa kwamba anajiuzulu, Nixon aliletewa chakula cha mchana Ikulu: vipande vya nanasi, juu yake jibini nyeupe laini, ile ya mabonge mabonge kama maziwa ya mgando yaliyokamuliwa maji, na glasi ya maziwa pembeni. Mpigapicha wa Ikulu, Robert Knudsen, akaipiga picha sahani ile, na picha ipo mpaka leo. Jibini hiyo ilikuwa mazoea yake ya miaka, na inasimuliwa kwamba alikuwa akiimiminia tomato sosi.

Sasa niambie, ndugu yangu. Jibini yenye tomato sosi ni chakula pendwa? Pendwa na nani?

Nasisitiza kwa sababu hapa ndipo watu wanaponitoroka. Ile -w- ya kutendwa inamficha mtenda, na "cha" haimrudishi. "Cha" inamtaja mwenye mali tu. Ukisema "gari lililoibwa la Juma", gari ni la Juma ila mwizi ni mtu mwingine. Hakuna polisi atakayemkamata Juma. Vivyo hivyo "chakula kilichopendwa cha Nixon": chakula ni cha Nixon, wapendaji ni wengine. Na hao wengine hawakuwapo. Agosti ile Wamarekani walikuwa hawamtaki Nixon mwenyewe, sembuse jibini yake. Mtu mmoja tu chini ya jua aliipenda sahani ile, naye ndiye ambaye "pendwa" imemfuta. Mwenye mdomo hayumo, mwenye ulimi hayumo, limebaki bonge la jibini linapendwa hewani.

Sasa iweke kando yake sahani ya Lyndon Johnson, mtu wa Texas, aliyekuwa Ikulu kabla ya Nixon. Yeye alikuwa na mchuzi mzito wa nyama, pilipili na nyanya, bila maharage, uliobeba jina la Mto Pedernales unaopita kwao. Watu waliandika Ikulu kuomba namna ya kuupika, barua kwa barua, mpaka mkewe, Lady Bird, akachapisha maelekezo kwenye kadi ili wanaoomba watumiwe. Huo ndio mchuzi wa Johnson uliopendwa. Mchuzi ni wake, wapendaji ni taifa, na -w- imefanya kazi iliyoajiriwa. Mtu anayemtia Johnson na Nixon katika kapu moja la "pendwa" ametuambia kwamba jibini ile nayo ilichapishiwa kadi.

Na kuficha mtenda si jambo dogo katika jikoni hizo. Thomas Jefferson anasifiwa kwa aiskrimu na vyakula vya Kifaransa, "vyakula pendwa vya Jefferson" kama mtakavyoandika. Aliyejifunza kuvipika Paris, akarudi Marekani kuvipika, ni James Hemings, aliyekuwa mtumwa wa Jefferson na kuachwa huru mwaka 1796. Andika "vilivyopikwa na Hemings" na yule "na" anamrejesha mtu jikoni kwake. Andika "vyakula pendwa" na hamna mpishi wala mlaji.

Jambo la pili ambalo "pendwa" imelinyang'anya Kiswahili ni wakati. George Washington alipenda vimkate vya unga wa mahindi vilivyolowa siagi na asali, naye amefariki mwaka 1799. Joe Biden anapenda aiskrimu na hachoki kulisema hilo hadharani. Bill Clinton alisifika kwa kupenda baga, akafanyiwa upasuaji wa moyo mwaka 2004, na baadaye nyama akaiaga. Tazama lugha yako ilivyo tajiri: alichokipenda Washington, anachokipenda Biden, alichokuwa akikipenda Clinton. Aliyekufa, aliye hai na aliyeacha, kila mmoja amepata kiti chake kwa silabi mbili tatu. Kisha anakuja mtu na "pendwa" anawaketisha wote mkeka mmoja, marehemu na mzima, mla baga na mla majani. (Msiniandikie kuuliza kama ni "anachopenda" au "anachokipenda". Vita hivyo nilishavipigana, nikarudi na majeraha. Semeni vyote.)

Jambo la tatu ni la George Bush mkubwa. Machi 1990 aliwaambia waandishi wa habari kwamba haipendi brokoli, hakuipenda tangu utotoni mama yake alipomlazimisha kuila, na kwa kuwa sasa yeye ni Rais wa Marekani, hali tena. Kwa Kiswahili kazi hiyo ni nyepesi: brokoli ni chakula asichokipenda. Neno moja, limekanusha na limemtaja mkanushaji. Waulize hao wa "pendwa" wataandikaje. Chakula sipendwa? Chakula chukiwa? Neno lisilojua kukataa mimi siliamini hata linapokubali.

Najua mtakachonirudishia, maana hunirudishia kila mwaka: "Mwalimu, mbona 'fasihi pendwa' iko hadi vyuo vikuu?" Ipo. Na "lugha lengwa", yaani lugha ambayo matini inafasiriwa kwayo, ipo, wafasiri wameizoea. Istilahi za wataalamu ni kama mavazi ya daktari wa upasuaji. Ndani ya chumba chake avae atakavyo, ila asije nayo harusini. Fasihi pendwa, yaani hadithi za kusomwa na watu wengi, kwa kweli inapendwa na umma, kwa hiyo angalau jina lake halisemi uongo. Nimechoka kuigombea, na iende. Shida ni kwamba mlango ulipoachwa wazi kwa hao wawili, ikapenya "tajwa", ikakaa maofisini, na leo kila barua ya kikazi inaanza "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu". Kichwa kiko juu, ninakiona, kimepigiwa mstari, na bado naamriwa nihusike nacho. Kitu hicho kikatoka ofisini kikaingia redioni, kikatoka redioni kikaingia kwenye supu.

Wala msiniambie kwamba Kiswahili sahihi ni kirefu mno kwa mambo rasmi. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba la Tanzania liligombana karibu kwa kila kitu, wengine wakatoka ukumbini, na bado kitabu kilichotoka mle kikaitwa Katiba Inayopendekezwa. Haikuitwa Katiba Pendekezwa. Kama watu wale, katika hali ile, waliweza kuvumilia kiambishi, basi nawe wa chemshabongo unaweza.

Kuna na wale wa vichwa vya habari, wanaolia nafasi. Nimewahesabia. "Chakula pendwa cha Reagan" ni herufi 22. "Chakula apendacho Reagan" ni herufi 22. Ukihesabu na mianya ya kati, changu ni kifupi kwa mwanya mmoja. Nakiri "apendacho" nayo haina wakati, na Reagan ni marehemu. Lakini mwenye mdomo yumo, amekaa pale mbele katika ile a-, anatafuna.

Tuje kwenye swali lako lenyewe, maana nimekuweka mlangoni muda mrefu. Ukiandika "Chakula alichokipenda sana Rais Reagan kilikuwa kipi?" hakuna atakayekugusa. Ningekuwa mimi ningeuliza tu, "Rais Reagan alipenda sana kula nini?", kama mtu anavyomuuliza mwenzake barazani. Ningetamani hata kusema "Ugonjwa wa Reagan ulikuwa nini?", vile tunavyosema ugonjwa wangu ni pilau, ila ninahofia washindani watataja magonjwa ya kweli na utakosa wa kumpa zawadi. "Kipenzi" kiachie watu, paka na timu za mpira.

Peremende ziite peremende. Reagan alizizoea alipokuwa akijaribu kuacha kiko, akaingia nazo hadi mezani kwa Baraza la Mawaziri, zikiwa kwenye chombo cha kioo. Na kwa sherehe za kuapishwa kwake mwaka 1981 zilipelekwa zaidi ya tani 3, nyekundu, nyeupe na za buluu. Sema "vidonge vya peremende laini" ukitaka wasikilizaji wazione, au "peremende za Reagan" tu baada ya kuzieleza mara moja. Usiseme "maharage ya jeli". Mko Tanga, watu watauliza nazi iko wapi.

Brokoli ni ngeli ya I-/ZI-: brokoli hii, brokoli hizi. Mfano wa wingi huu hapa, unaweza kuufanya swali la mwisho: baada ya maneno yale ya Bush, wakulima walizipakia tani 10 za brokoli kutoka California hadi Washington, mkewe Barbara akatoka kuzipokea, nyingi zikapelekwa kwa wenye shida ya chakula. Hizo ndizo brokoli pekee ninazokubali uziandikie "Pendwa!", na usisahau alama ya mshangao.