Yaya, staji inaisha: nifungashe nini?

Mwezi wa nane hapa Lubumbashi baridi inaachia na vumbi linachukua zamu. Ulaya ndiyo kiangazi chao, ofisi zinabaki tupu, na staji za wadogo zetu, yaani mafunzo yao ya kazini, zinafika mwisho. Wananiita Yaya, mkubwa wao, na simu yangu haitulii. Leo najibu maswali sita.

Yaya, niko Liège, kwenye maabara ya metali. Nimebakiza siku nne na mkuu wangu tayari yuko likizo. Kasema atestasio, cheti cha staji, atanitumia baadaye. Nimngoje?

Usimngoje. Ubelgiji, Julai na Agosti, watu wanapokezana likizo, na anayerudi anakuta mlima wa barua. Yako itakuwa chini kabisa. Kesho asubuhi nenda kwa sekretari, uliza ni nani anasaini kwa niaba ya mkuu. Mpelekee rasimu uliyoiandika mwenyewe: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na kazi zenyewe. Usiandike "alisaidia maabara". Andika ulipima sampuli gani, kwa mashine gani. Omba nakala mbili zenye saini ya wino na muhuri. Kwetu karatasi isiyo na muhuri inafungiwa karanga.

Halafu angalia jina. Sisi tuna jina, postinomu (jina la asili linalolifuata) na prenomu (jina la kwanza). Hiyo postinomu tuliizoea tangu 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, na mpaka leo Mzungu hajui aiweke wapi. Atestasio yangu ilikuja na postinomu mahali pa prenomu, tena herufi moja imemezwa. Kwenye fakulte wakaniambia: huyu si wewe. Miezi mitatu nilikuwa si mimi, nikingoja karatasi nyingine ivuke bahari. Kwa hiyo weka pasipoti mezani, mlinganishe herufi kwa herufi kabla muhuri haujagonga.

Na kama raporti yako ina takwimu za kampuni, omba ruhusa ukiwa bado hukohuko, kwa maandishi.

Viza yangu inaisha mwisho wa Septemba, staji mwisho wa Agosti. Mjomba wa Brussels anasema nibaki, nitafute kibarua.

Soma tena hiyo stika ya viza, mdogo wangu. Tarehe ya mwisho ni kitu kimoja, idadi ya siku ni kingine. Viza fupi ya Schengen haizidi siku 90 ndani ya siku 180, na yako inaweza kuwa imeandikiwa siku chache kuliko hizo. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia. Na kupewa viza ya staji si kupewa ruhusa ya kibarua. Mjomba atakupa kochi kwa moyo mweupe, simlaumu, lakini siku ya kuomba viza nyingine atakayeketi mbele ya dirisha la ubalozi ni wewe peke yako. Siku zikikubakia, mpikie bukari (ugali), mtembee naye, urudi.

Nilichanjwa homa ya manjano zaidi ya miaka kumi iliyopita. Watanisumbua uwanja wa ndege wa Luano?

Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hata kile cha zamani. Kiweke ndani ya pasipoti. Wengi wanakitupa kwenye sanduku kubwa, kisha wanasimama pale wakijieleza.

Mimi staji yangu ni Kitwe, Zambia. Wenzangu wa Polytechnique, fakulte ya uhandisi, wananicheka, eti hiyo si ng'ambo.

Waache wacheke. Shaba haijui mpaka wa Kasumbalesa: ni mkanda mmoja, kwao na kwetu. Shida yako ni lugha. Umeandika daftari zima kwa Kiingereza na watakaokuuliza maswali watakuuliza kwa Kifaransa. Kabla ya kuondoka, kaa na injinia wako, kila neno la mashine akuchoree. Mchoro hauhitaji mkalimani. Kwacha zilizobaki nunulia chakula cha njiani, maana foleni ya malori pale mpakani unaijua.

Nimebakiwa na euro 140 na nyumbani tuko kumi na wawili. Nitaingia vipi?

Hili ndilo swali linalowanyima watu usingizi, kuliko hata raporti. Mkono mtupu haulambwi, kweli, lakini hakuna aliyesema mkono ubebe viatu vya ukoo mzima. Mama kwanza, kitu chake peke yake, hata kitambaa cha kichwa. Baba, kitu atakachowaonyesha wazee wenzake. Wengine wote mfuko mmoja wa peremende na uugawe mbele ya macho yao, siku ileile, kabla minong'ono haijaanza. Walioagiza simu kwa WhatsApp, waambie ukweli ukiwa bado kule. Ukiwaambia sebuleni ni ugomvi.

Zinazobaki zigeuze dola. Kagua kila noti: isiwe na mchaniko, hata wa unene wa unywele, wala doa, wala maandishi. Kambisti wa hapa, mbadilisha fedha, ataisukuma kwa kidole kimoja bila kukutazama. Euro za chuma zimalizie hukohuko kwenye kahawa, hapa utazigawia watoto wachezee.

Siku ya kuagana waliniambia "tutawasiliana". Hiyo ni ahadi ya kazi?

Hapana. Ni adabu. Lakini unaweza kuishika: kabla hujatoka, uliza uandike kwa nani, upate jina la mtu, si anwani ya ofisi. Wiki mbili baada ya kufika, mwandikie mistari mitano ya aksanti, usiombe chochote. Raporti ikishapita, mtumie. Hapo ndipo uulize kama wana nafasi. Na ukitaka kumpigia, kumbuka kwamba wakati wa kiangazi saa ya Brussels na ya Lubumbashi ni moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa zao nyuma. Ukipiga asubuhi ofisi yako inapofunguliwa, yeye bado anatafuta soksi.