Filamu za Uani: Ipi Itoke Nje, Ipi Ibaki Sebuleni

Wengi wanaotaka kuonyesha filamu uani, iwe Sakina ya Arusha au Majengo ya Moshi, huhangaika wiki nzima na projekta na spika, halafu filamu inachaguliwa dakika ya mwisho kwenye flashi ya kijana wa jirani. Hapo ndipo usiku unapoharibika. Filamu iliyokuliza sebuleni inaweza kuchosha watu uani, na ile uliyoidharau kwenye runinga ikawafanya wazee wasimame kwenye benchi. Uani una adui wawili: picha ya giza na maneno ya kunong'ona. Chagua filamu kwa kuwaangalia hao kwanza, sifa za waigizaji zitafuata.

Tuanze na giza. Projekta haina rangi nyeusi ya kurusha, inachoweza ni kutorusha mwanga. Kwa hiyo nyeusi yako ni rangi ya shuka lenyewe usiku ule, na kama taa ya ulinzi ya jirani inaliangukia, nyeusi hiyo ni kijivu. Projekta ndogo za LED zinazouzwa madukani huandikwa maelfu ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga, kwenye boksi. Usiamini hesabu hiyo mpaka uone neno ANSI pembeni yake, maana zenye kipimo hicho mara nyingi zinaonyesha namba ndogo zaidi na ndiyo ya kweli. Ukiwa na mashine dhaifu, tafuta filamu za jua kali, mbuga, barabara na viwanja. Filamu ya usiku itakuwa sauti za watu wasioonekana.

Ndiyo maana Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, naiweka sebuleni. Kwangu ni filamu ya Kitanzania iliyopigwa picha kwa mkono mzuri kuliko nyingine nilizoziona. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin na Denge, vyumba vya taa hafifu, vichochoro, taarabu. Uzuri wake wote umo kwenye vivuli, na vivuli ndivyo shuka linavyoviua. Itazame ndani, taa zimezimwa, runinga ikiwa kwenye mpangilio wa sinema na siyo ule wa kung'arisha wa dukani.

Ya uani, kwa mtu wa Arusha, ni Hatari! ya Howard Hawks. Ilipigwa huku kwetu kabla ya Uhuru, ikatoka 1962. Inaanza moja kwa moja na lori likimfukuza faru, karibu yote ni mchana mweupe, na nyuma ya vumbi unamwona Meru amekaa. Hadithi yenyewe ni nyembamba: kundi la wakamata wanyama wanaouzia bustani za wanyama, na John Wayne akiwa bosi asiyejua kupenda. Kasoro yake kubwa ni kwamba wenyeji wamewekwa wabebe, waendeshe na wacheze ngoma, hawana la maana la kusema. Waambie vijana hilo waziwazi, kisha waache waangalie kazi ya magari: mtu amefungwa kwenye kiti juu ya bampa, ameshika mti mrefu wenye kitanzi, lori linapiga mashimo. Waigizaji wenyewe walipanda magari hayo. Hardy Krüger, yule Mjerumani, alipapenda mno akanunua shamba Momella.

Sehemu inayolipa ni ya mwisho, Elsa Martinelli anapokimbilia mjini na tembo wadogo wakamfuata hadi madukani. Muziki wa Henry Mancini watoto watauimba kesho yake. Wazee wataanza kubishana duka lile lilikuwa wapi, na hapo usimnyamazishe mtu. Ubishi huo ndio uliowaleta.

Tatizo la Hatari! ni urefu: dakika 157. Piga hesabu ya umeme kabla hujatangaza. Projekta ya LED ya wati 100, laptopu wati 50, spika wati 50, jumla 200. Betri ya sola ya volti 12 na amp-saa (Ah) 100 ina takriban wati-saa (Wh) 1,200, lakini ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, zinabaki 600. Inveta inakula kama asilimia 15, umebaki na 510. Gawanya kwa 200: saa mbili na nusu. Filamu ni saa mbili na dakika 37. Maana yake umeme ukikatika mwanzoni, betri itakuishia tembo wakiwa mtaani. Ama ongeza betri ya pili, ama zima laptopu utumie flashi moja kwa moja kwenye projekta, unaokoa wati 50 na filamu inaisha. Kwa projekta za taa ya zamani, zile za ofisini, umeme ukikatika ghafla feni nayo inasimama taa ikiwa ya moto, na hiyo hufupisha maisha ya taa. Umeme ukirudi, usiiwashe hapohapo, ipe dakika kumi ipoe. UPS ndogo, lile boksi la betri ya dharura, haikufikishi mwisho wa filamu, kazi yake ni kukupa muda wa kuzima kwa utaratibu.

Filamu za Kihindi wengi wanaziogopa kwa urefu, nami nasema ndizo zilizotengenezwa kwa ajili ya uani. Mapumziko yamo ndani ya filamu yenyewe, yamewekwa mahali pa kusisimua, kwa hiyo chai ya tangawizi inagawiwa bila mtu kuondoka. Nyimbo zinavumilia spika mbovu. Lagaan ya 2001 ni dakika 224 na nusu ya pili karibu yote ni mechi ya kriketi, mchezo ambao wengi wetu hatuujui, na bado watu hushangilia kwa sababu wanajua nani anamdhulumu nani. Anza saa 1:30 kamili, la sivyo mtalala saa sita.

Bongo movie zina shida ya sauti. Nyingi za zamani zilirekodiwa kwa maiki iliyo juu ya kamera, mwigizaji yuko mita nne, upepo uko karibu kuliko yeye. Kisha muziki umebandikwa juu kwa nguvu. Ukipandisha sauti usikie maneno, muziki unaamsha mtaa. Dawa ipo kwenye VLC, programu ya kuchezea video kwenye laptopu: fungua athari za sauti, washa kompresa, maneno yatapanda na muziki utashuka. Marehemu King Majuto hahitaji dawa hiyo, sauti yake inafika hata getini, na vichekesho vyake havitegemei kuona kila kitu. Kabla ya kuanza, hakikisha una sehemu ya kwanza na ya pili. Hakuna aibu kama skrini kuandika itaendelea, na wewe huna cha kuendeleza.

Binti ya Seko Shamte, 2021, inafaa uani kwa sababu nyingine: imejengwa kwa wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na sehemu yake, kwa hiyo unaweza kusimamisha katikati bila kuvunja kitu. Si ya watoto. Ina ukatili wa ndani ya nyumba, na baada yake watu watataka kuongea, basi usipange filamu ya pili.

Watoto wape Chaplin. The Gold Rush ya 1925 ni filamu bubu, haina mazungumzo ya kutafsiri, na yule mtu anayepika kiatu akakila kwa adabu zote hajawahi kushindwa na watoto wa kata yoyote. Wakichanganyika umri, The Gods Must Be Crazy ya 1980 bado inachekesha, ile chupa inayodondoka kutoka kwenye ndege. Msimulizi wake anaongea Kiingereza, hivyo tafuta mtu mmoja mwenye mdomo mwepesi atafsiri papo hapo. Tumelelewa na sauti za watafsiri wa mabanda ya video, watu wanapenda hilo kuliko maandishi ya chini.

Tamthilia ziacheni ndani. Ya Kikorea kama Jumong ina vipindi 81, ya Kituruki usiseme. Uani mtaonyesha viwili, mnaachwa mnaning'inia, na wiki ijayo nusu ya watu hawatajua nani kamsaliti nani.

Sasa faili. Flashi iliyoumbizwa FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya GB 4, ndiyo maana filamu ndefu hugoma kunakiliwa ingawa nafasi ipo. Projekta ikitoa sauti bila picha, mara nyingi faili limebanwa kwa mtindo wa H.265 na mashine haiujui. Ikitoa picha bila sauti, mara nyingi sauti ni ya mtindo wa DTS. Vyote viwili laptopu yenye VLC inavimaliza. Jaribu dakika tano za mwanzo na tano za katikati, mchana, kwa vifaa vilevile vya usiku. Spika ya bluetooth huchelewesha sauti na midomo ikaachana na maneno, tumia waya. Ukikosa waya, bonyeza J au K kwenye VLC mpaka vikutane. Kwa maandishi ni G na H. Spika iwekwe chini ya shuka, isiwekwe karibu na projekta, sauti itoke mdomoni mwa mwigizaji.

Shuka jeupe la kitanda linapitisha mwanga, shonea kitambaa cheusi nyuma. Kwa picha ya upana wa mita 2, projekta yenye uwiano wa 1.5 (umbali ukigawanywa kwa upana wa picha) ikae mita 3. Pitisha bomba au mti kwenye pindo la chini, upepo wa jioni ukianza utanishukuru. Giza huku halibadiliki sana mwaka mzima, saa 1:30 usiku panatosha. Kinachobadilika ni baridi. Juni na Julai Arusha ina umande unaolowesha shuka: mwambie kila mtu aje na blanketi. Moshi mjini iko chini zaidi, shida yao ni mbu.

Ukitaka kutoza kiingilio, hiyo siyo tena sebule iliyotoka nje, ni biashara: ulizia haki za filamu na Bodi ya Filamu kwanza. Na kabla ya kutangaza tarehe, angalia ratiba ya ligi. Siku ya Simba na Yanga hata tembo wa Hatari! hawatapata mtu.