Kesi ya matunzo ukiwa bado chuoni: pesa huishia wapi

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni na mwanangu amepita miaka miwili kidogo. Baba yake alikuwa ameacha kupokea simu zangu tangu Ramadhani. Naishi Likoni, Mombasa, hapa Kenya, kwa mamangu, nasomea ng'ambo ya kivuko, na siku pesa za HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi, zilipoingia nilizitoa nikampelekea wakili mmoja mjini shilingi elfu kumi na tano. Akaandika barua ya madai ya kurasa mbili, akaituma, kisha akaniambia hatua inayofuata ni elfu thelathini. Sikuwa nazo. Barua haikujibiwa. Muhula ule niliingia kwenye mtihani nina deni la karo, na mtoto alikunywa uji bila maziwa hadi mwezi ukaisha.

Nakuandikia wewe mama, na wewe baba unayelea peke yako, mwenye pesa za muhula mkononi na uchungu moyoni. Usianzie kwa wakili. Anzia mahali ambapo hutoi hata shilingi.

Mahali hapo ni kwa afisa wa watoto, Idara ya Huduma za Watoto, ofisi ya serikali ya eneo lako. Mimi sikuijua. Ni mamangu aliyeambiwa na jirani yetu sokoni. Nilikwenda na simu imejaa picha za majibizano yangu na baba mtoto kwenye WhatsApp, nikitaka afisa ayasome yote. Alisoma mawili matatu akanirudishia simu.

"Mama, haya weka. Kesi ya matunzo ni hesabu. Mtoto anakula nini, anavaa nini, akiugua anatibiwa na nini, na wewe ukiwa darasani anakaa na nani? Niletee hesabu."

Jioni ile nilinunua daftari la kurasa 48. Nikagawa ukurasa kwa kalamu nyekundu: tarehe, kitu, bei, nani amelipa. Maziwa. Nepi za usiku. Dawa ya kifua. Shilingi mia kwa siku za jirani anayeniangalizia mtoto. Nauli ya kliniki. Risiti nilizibana kwa pini pembeni, na pasipo risiti nikaandika ujumbe wa M-Pesa neno kwa neno. Miezi mitatu nilifanya hivyo kila usiku mtoto akishalala, na nakwambia kweli, daftari lile ndilo limenifaa kuliko pesa zote nilizotumia. Mahakamani hakimu huwataka wazazi wote wawili waape kuhusu kipato na matumizi yao. Mzazi asiye na hesabu hukisia, na makisio hupunguzwa.

Afisa alimwita baba mtoto kwa barua. Akaja, shingo upande, lakini akaja. Afisa akamsomea Kifungu cha 53 cha Katiba: mtoto ana haki ya malezi na ulinzi wa wazazi, na wajibu huo ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema hivyo hivyo. Tuliandikiana makubaliano, elfu sita kwa mwezi, tukatia saini sote wawili. Gharama yangu siku hiyo ilikuwa nauli ya matatu kutoka kivukoni, maana feri kwa mtu wa miguu ni bure.

Alilipa mwezi mmoja, kisha akanyamaza tena.

Wengi hukata tamaa hapo wakisema afisa wa watoto hana meno. Mimi nasema karatasi ile ilikuwa na kazi yake. Ilionyesha kwamba amemkubali mtoto kuwa wake na amekubali kiasi, kwa hiyo mambo mawili ambayo hurefusha kesi na kuitia gharama yalikuwa yamekwisha kabla sijafika mahakamani. Kama angemkana mtoto tungeingia kwenye vipimo vya DNA, na hapo mwanafunzi hana pa kushika.

Bibi yangu alitaka twende kwa Kadhi. Mahakama ya Kadhi husikiza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Sisi hatukuwa na nikahi, na nilichotaka ni matunzo ya mtoto tu. Nikaelekezwa Mahakama ya Watoto, Tononoka.

Kabla ya Tononoka nilitafuta msaada wa sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ndiyo iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na Mombasa ina ofisi yake. FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, nao wako hapa mjini, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, vilevile. Usitarajie kwamba utapewa wakili wa kukusimamia siku hiyo hiyo. Foleni ni ndefu na wahitaji ni wengi. Mimi sikupewa wakili wa kusimama nami. Nilipewa kitu ambacho kilinitosha: mtu wa kunisaidia kuandika hati ya madai na hati ya kiapo, na kunifundisha jinsi ya kujisimamia mbele ya hakimu. Nenda asubuhi mapema, na ubebe kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya chifu, taarifa ya karo ya chuo na ile ya HELB. Aliyekuja mikono mitupu niliona akirudishwa, akapoteza siku.

Na kama huwezi hata ada ya kusajili kesi, lipo ombi la kushtaki kama mtu asiye na uwezo, chini ya Amri ya 33 ya Kanuni za Kesi za Madai za mwaka 2010. Unaapa kuhusu ulicho nacho na usicho nacho, mahakama inapima. Niliwasilisha ombi hilo nikakubaliwa. Sikuona haya. Taarifa ya karo yenye deni jekundu, niliyokuwa nikiificha hata kwa rafiki zangu, siku ile ndiyo iliyonisaidia.

Lakini ada ya mahakama yenyewe si kubwa kama watu wanavyoogopa. Pesa huvuja kwingine. Saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, hutoza kila ukurasa, na hati moja hutakiwa nakala kadhaa. Kamishna wa viapo, yule unayeapa mbele yake, naye anataka chake kwa kila hati ya kiapo, kwa hiyo hakikisha hati haina kosa kabla ya kuapa, usije ukalipa mara mbili kwa sababu ya tarehe. Siku hizi hati huwasilishwa kwa mtandao wa Mahakama. Skani kila kitu mara moja tu, vizuri, ukihifadhi kwenye barua pepe yako. Kumfikishia mdaiwa hati nako kuna gharama, ila tangu 2020 kanuni zinaruhusu hati zipelekwe kwa barua pepe au kwa WhatsApp. Uliza masijala nani ameidhinishwa kuzipeleka na kuapa kwamba zimefika.

Kinachokula pesa kuliko vyote ni kuahirishwa. Unakosa darasa, unamlipa jirani siku nzima, unavuka, unakaa kwenye benchi, halafu unaambiwa urudi mwezi ujao. Mara ya kwanza nilikubali tarehe niliyopewa, nayo ikaangukia siku ya mtihani. Mara ya pili nilisimama na ratiba ya mitihani mkononi, nikasema, "Mheshimiwa, mimi ni mwanafunzi, naomba tarehe iliyo nje ya wiki hizi mbili." Hakimu akaitazama akanipa tarehe nyingine. Haikuchukua hata dakika moja. Uliza pia kama kesi itatajwa, yaani kikao kifupi cha kupanga hatua inayofuata, kwa mtandao. Kesi za watoto husikizwa faragha, kwa hiyo usijiunge ukiwa maktaba au ndani ya matatu. Nilimweleza mkuu wa wanafunzi, akanipa chumba kidogo chenye mlango wa kufungwa. Kutajwa kwa kesi mara tatu nilihudhuria kutoka chumba kile, nikarudi darasani.

Jambo jingine la kuomba mapema ni agizo la muda la matunzo, ili mtoto apate kitu wakati kesi ikiendelea. Omba pamoja na kesi, usingoje. Na mkiambiwa kuna upatanishi ulio chini ya mahakama, kubali ikiwa hakuna vitisho wala kipigo kati yenu. Mpatanishi hamumlipi ninyi. Ikiwa kuna kipigo, mwambie afisa na hakimu waziwazi siku ya kwanza.

Wakili si adui. Ukimpata wa kumlipa, mwombe akuandikie kazi atakayofanya na jumla ya malipo kabla hujatoa chochote, na udai risiti. Mimi sikufanya hivyo, na elfu zangu kumi na tano sina hata karatasi ya kuzidai.

Agizo la muda lilitoka wiki ya nne baada ya kusajili: elfu saba kwa mwezi, na bima ya afya juu ya baba. Pesa za kwanza ziliingia Ijumaa jioni nikiwa kwenye feri, nimesimama kati ya mikokoteni. Nilisoma ujumbe mara mbili. Nikashuka, nikapitia dukani kuchukua maziwa, na usiku mtoto alipolala nikafungua daftari na, kwenye safu ya "nani amelipa", nikaandika kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na moja: baba.