Kubadilisha majedwali ya Access baada ya kutenganisha faili la data

Ukishaigawa kanzidata ya Access (programu ya kanzidata ya Microsoft), majedwali yakabaki kwenye seva na fomu, kwiri (maswali ya kuchuja au kubadili data) na ripoti zikahamia faili jingine kwenye kompyuta ya kila mtumiaji, muundo wa jedwali haubadilishwi tena kutoka upande wa fomu. Badiliko lolote hufanywa ndani ya faili la data lenyewe.

Kwanza watoe watu wote. Ukiona folda bado ina faili la .laccdb (faili la kufuli ambalo Access huliunda kanzidata ikiwa wazi) lenye jina la kanzidata, yumkini kuna mtu hajafunga. Nakili faili la data pembeni, kisha lifungue kwa "Open Exclusive", chaguo lililo kwenye mshale mdogo ubavuni mwa kitufe cha Open.

Uga (safu ya jedwali) mpya wa lazima uongeze kwa awamu: uunde bila sharti, jaza rekodi za zamani kwa kwiri ya kusasisha, ndipo uweke Required kuwa Yes. Kupunguza urefu wa maandishi kunahitaji uangalifu zaidi. Ukitoka herufi 255 kwenda 50, kilichozidi hukatwa na hakirudi, kwa hiyo tafuta kwanza rekodi ambazo Len([Anwani]) > 50, yaani zenye anwani ya zaidi ya herufi 50.

Kubadili jina la uga ndiko kunakoharibu kazi nyingi, nami nakushauri uliache kama lilivyo, ubadilishe Caption tu, yaani lebo inayoonekana kwa mtumiaji. Marekebisho ya majina ambayo Access hufanya yenyewe hayavuki kwenda faili la fomu. Kwiri za huko zitaendelea kutafuta jina la zamani, na mtumiaji ataona kidirisha cha "Enter Parameter Value" asichokielewa.

Jedwali kubwa linaweza kugoma kubadilishwa aina ya uga, likisema "File sharing lock count exceeded". Access huweka kufuli kwenye data inapoibadilisha, na kikomo cha kawaida ni kufuli 9,500 kwa faili. Fungua dirisha la Immediate kwa Ctrl+G, andika DBEngine.SetOption dbMaxLocksPerFile, 200000, kisha rudia. Kikomo hicho hudumu hadi ufunge Access.

Ukimaliza, fanya Compact and Repair (kubana na kukarabati faili), kisha fungua faili la fomu na uhuishe viungo vyake na majedwali ya seva kwa Linked Table Manager. Njia ya kiungo iandike kwa jina la seva, mfano \\seva\data\mauzo.accdb. Ukitumia herufi ya diski kama Z:, kiungo kitakatika kwenye kila kompyuta iliyopewa herufi tofauti. Baada ya hapo mgawie kila mtumiaji nakala mpya ya faili la fomu, na ile ya zamani ifutwe.